Redio ikizima hewani na uwanja uko mbele yako, unatuaje?

Kisongo_Juu

Wakuu, habari za jioni. Niko kwenye mafunzo ya urubani, bado naruka Cessna 172 na mwalimu akiwa pembeni. Darasani tumegusia suala la redio kufa hewani. Mwalimu kaandika ubaoni 7600, ile namba ya kuweka kwenye transponda (kifaa kinachojibu rada) kuashiria redio imekufa, kapitia rangi za taa haraka haraka, kipindi kikaisha. Nimebaki na maswali ambayo kitabu hakinijibu.

Chukulia nakaribia uwanja wenye mnara wa kuongozea ndege. Naita, kimya. Naita tena, kimya. Nyuma yangu huenda kuna ndege ya Caravan imejaa watalii, na chini kuna mtu ameshawasha anataka kuruka. Mnara watajuaje kuwa mimi ni bubu na si mkaidi? Naingia tu? Nazunguka mpaka lini? Na hizo taa, kuna mtu humu aliyewahi kumulikiwa kweli, au ni za kwenye mtihani tu?

Wajuzi shusheni nondo. Na wale wa "ngoja waje" karibuni, nafasi zipo.

Abiria_Dirishani

Nimekaa siti ya mbele. Mimi huwa napanda tu hizi ndogo za kwenda Zanzibar, sikujua kuna siku rubani anaweza kutua kwa kuangalia taa kama dereva wa daladala pale Ubungo.

Fundi_Waya

Mimi ni fundi wa umeme wa ndege, si rubani, nitasema ya upande wangu. Kabla hamjafika kwenye taa: ndege nyingi zinazoletwa hangani zimeandikiwa "redio imekufa", redio yenyewe ni nzima.

Sauti imeshushwa hadi chini. Masafa yamepigwa namba moja pembeni. Plagi ya hedseti imechomoka kidogo, ukiiangalia unaona imeingia kumbe haijagusa. Au paneli ya sauti iko kwenye redio ya pili na wewe unahangaika na ya kwanza. Kwa hiyo anza na vidole vyako. Kwenye redio nyingi kile kitufe cha sauti ukikivuta au kukibonyeza kinafungua mchujo wa kelele, utasikia "shhhh". Ukiisikia, ujue spika, hedseti na sehemu ya kupokelea ni nzima, tatizo liko kwingine. Usipoisikia, chomeka hedseti kwenye tundu za abiria. Kama kuna maikrofoni ya mkononi, itoe na uwashe spika ya darini. Rudi kwenye masafa ya mwisho uliyojibiwa, huenda wale bado wanakupata.

Halafu angalia kioo cha redio. Kama kuna herufi T au TX imewaka na wewe hujabonyeza kitu, kitufe cha kuongelea kimekwama. Hapo wewe humsikii mtu, na uwanja mzima unakusikia wewe ukimlaumu mwalimu. Kichokoe. Kikigoma, zima redio hiyo uwaachie wenzako masafa. Jambo hili si dogo. Redio za ndege zinatumia AM, na watu wawili wakirusha kwa pamoja, wa tatu anasikia mluzi tu. Tenerife, kisiwa cha Hispania, 27 Machi 1977, ndege za Pan Am na KLM ziligongana uwanjani: ujumbe wa Pan Am kwamba bado wako kwenye njia ya kurukia uligongana na wa mnara, na ndani ya KLM ukasikika mluzi. Walikufa watu 583. Sisemi redio peke yake ndiyo iliyowaua, sababu zilikuwa nyingi, lakini ule mluzi ulikuwemo.

Fyuzi ya kubonyeza ikiruka, isubiri ipoe, irudishe mara moja tu. Ikiruka tena iache. Inakuambia kuna waya unaungua.

Kisongo_Juu

Asante fundi. Na kama si redio tu, ni umeme wote?

Fundi_Waya

Hilo ndilo la kutambua mapema kuliko yote, maana redio mara nyingi ndiyo inayokuwa ya kwanza kulalamika. Betri ikishuka, kupokea kunaweza kuendelea vizuri, lakini ukibonyeza kuongea redio inavuta umeme mwingi na inajizima. Angalia mita ya ampea na taa ya volti ndogo. Kama alteneta imeacha kuchaji, ile swichi nyekundu ya Cessna ina nusu mbili, moja ya alteneta na moja ya betri. Zima nusu ya alteneta, iwashe tena. Ikigoma, sasa unaishi kwa betri peke yake.

Watu wanapenda kusema betri inakupa nusu saa. Hiyo ni betri nzima, yenye chaji, na mzigo umeupunguza. Betri ya ndege ya shule ambayo kila asubuhi inakokoroa injini ya baridi, mimi sikuahidi chochote. Zima usichokihitaji, bakiza kimoja cha kuongelea, na ongea mapema ungali na cha kuongelea.

Injini haitazima. Magneto, zile zinazotoa cheche za injini, zinajitegemea, hazina habari na betri. Kipima mwendo, kipima kimo na dira vinaendelea. Utakachokosa kwenye 172 ni flapu za mabawani za kusaidia kutua, ambazo ni za umeme kwenye nyingi mnazorushia, na geji za mafuta, ambazo zikikosa umeme zinaanguka zinasoma tupu. Usishtuke ukadhani mafuta yamevuja.

Mzee_wa_Mnara

Wanangu, nimeongoza ndege miaka mingi mpaka nikastaafu. Nijibu swali la kwanza: mnara watajuaje?

Tunajua kwa sababu tunakusubiri. Umetoka mahali, kuna mpango wa safari, kuna muda uliosema utafika. Muda unakaribia na hatujakusikia, tunaanza kuita. Tukikosa, tunaomba ndege nyingine iliyo jirani ikuite, tunauliza kituo ulichotoka kama bado uko nao, tunajaribu 121.5, masafa ya dharura. Kisha tunatoa maneno ya kukupima: kama unanisikia, tikisa mabawa, kama una transponda, bonyeza kitufe cha kujitambulisha. Kwa hiyo hata ukiwa huwezi kusema, endelea kusikiliza. Redio inaweza kufa mdomo ikabaki na masikio. Tukishajua unasikia, tunakuongoza kwa maneno ya kawaida na wewe unajibu kwa mabawa, hata taa hatuzigusi.

Na kinyume chake pia. Kama wewe huwezi kusikia, usidhani na sisi hatukusikii. Tangaza kwanza kwamba unasema bila kusikia, taja ndege yako, uko wapi, kimo gani, unataka kufanya nini, na utasema tena ukifika wapi. Rudia mara mbili. Ukikunja kona, sema. Ukiingia fainali, yaani mstari wa mwisho kuelekea njia ya kutua, sema. Kuna siku rubani anafika chini ananung'unika kwamba alikuwa kimya dakika kumi, wakati sisi tungemsikia vizuri kama angefungua mdomo.

Sasa taa. Ipo, inatumika, si ya mtihani. Kwenye mnara wa kawaida inaning'inia darini kwa kamba au springi, nzito, ina mshikio na kitundu cha kulengea. Unachagua rangi, unailenga ndege, unabonyeza. Mwanga wake ni mwembamba makusudi ili ndege ya pembeni isijidhanie ni yake. Maana yake nikitetemeka mkono hukuona kitu. Na jua la saa saba mchana likiwa kali, kijani ile unaiona kama nukta. Usiitafute kwa jicho la kupita. Ukiwa sambamba na mnara, mwangalie mwongozaji. Ukikunja kona ya mwisho, mwangalie. Kwenye fainali, mwangalie tena.

Ukiwa hewani, kijani isiyokatika ni ruhusa ya kutua. Nyekundu isiyokatika, mpishe mwenzako, endelea kuzunguka. Kijani ya kukatakata inakuambia rudi uje kutua, ruhusa yenyewe itafuata, kwa hiyo ukiiona usijitupe chini, subiri ile isiyokatika. Nyekundu ya kukatakata, uwanja si salama, usitue. Nyeupe ya kukatakata, tua hapa uende eneo la maegesho. Na fataki nyekundu ikirushwa, hata kama dakika iliyopita ulipewa kijani, usitue kwa sasa.

Ukishatua mambo yanabadilika na hapa ndipo wanafunzi wanapochanganya. Chini, kijani isiyokatika ni ruhusa ya kuruka, na ile ya kukatakata ndiyo ya kutembea na ndege. Nyekundu isiyokatika, simama. Nyekundu ya kukatakata, toka kwenye eneo la kutulia. Nyeupe ya kukatakata, rudi ulikoanzia.

Ukiiona taa, jibu. Mchana tikisa mabawa, usiku washa na kuzima taa za kutulia mara mbili. Kwenye kona ya mwisho na fainali hatudai utikise, uko chini na mwendo ni mdogo, tunza ndege. Ukiwa ardhini chezesha usukani tuone vibawa au mkia ukisogea.

Abiria_Dirishani

Shikamoo mzee. Hii nondo ni ya kuprinti.

Rubani_wa_Vumbi

Shikamoo mzee. Umeeleza ya mnarani, mimi niongeze ya kwenye kiti.

Dogo, kosa kubwa baada ya redio kuzima ni kurusha redio badala ya ndege. Kichwa kiko chini, mikono kwenye vitufe, na wewe unakwenda kwa kasi ya noti (maili za baharini kwa saa) 90 kuelekea mahali penye ndege nyingi kuliko popote ulipopita leo. Hayo ya fundi fanya ukiwa mbali, nje ya eneo la uwanja, kimo kimetulia, unachungulia nje kila mara. Weka 7600. Washa taa zote ulizonazo, hata kama ni saa sita mchana.

Kisha usiingie moja kwa moja fainali. Ukitokea huko bila kusema, aliyeko kwenye mzunguko anayekunja kona ya mwisho hakutarajii kabisa. Pita juu ya uwanja, juu ya kimo cha mzunguko. Kama mzunguko ni futi 1,000 kutoka ardhini, wewe pita kwenye 2,000. Ukiwa pale unaona kila kitu: soksi ya upepo imelala upande gani, wenzako wanatua kuelekea wapi, nani yuko kwenye njia. Na mnara nao wanakuona. Shukia upande ambao hauna mzunguko, vuka, ingia kwenye ule mguu unaoambaa na uwanja upepo ukiwa mgongoni, nenda kama unavyokwenda kila siku. Mzunguko wa ukubwa uleule, mwendo uleule. Mwongozaji asiyeweza kuongea nawe anategemea kitu kimoja tu, kwamba anajua dakika ijayo utakuwa wapi. Ukianza kukata kona ili uwahi, umemnyima hicho kimoja.

Ila mimi binafsi, hali ya hewa ikiwa safi na mafuta yapo, nisingeipeleka ndege bubu kwenye uwanja wenye shughuli. Ningetafuta kiwanja kisicho na mnara, nitue, nipige simu.

Mtoto_wa_Langata

Hapo kwa kiwanja kisicho na mnara niko na wewe, bro. Sisi tunarukia uwanja wa Wilson, Nairobi, na ukituuliza, redio kuzima hapo ndiyo ndoto mbaya. Njia mbili zinazokatana, 07/25 na 14/32. Mashariki yako ni JKIA, uwanja mkuu wa kimataifa, na ndege kubwa zao, upande mwingine kuna Eastleigh ya jeshi, kusini ni Nairobi National Park. Hakuna mahali pa kurandaranda ukifikiria. Na tarehe 5 Machi 2024 ndege ya abiria ya Dash 8 iliyotoka tu kuruka iligongana na Cessna 172 ya mafunzo juu ya hiyo park, wawili wa Cessna wakafariki. Sisemi ilikuwa redio. Nasema watu wakiwa na redio nzima bado anga hiyo inabana, sasa wewe unaingia bila hata ya kusema jambo.

Mzee_wa_Mnara

@Rubani_wa_Vumbi hapo tutabishana kidogo. Kanuni ya kimataifa kwa anayeruka kwa kuona inasema aendelee katika hali ya hewa ya kuona, atue uwanja wa karibu unaofaa, atoe taarifa ya kufika kwa njia ya haraka kabisa. Sasa kama alishaongea na mnara, wakamwambia namba yake kwenye foleni, halafu redio ikafa akiwa kwenye mzunguko, akigeuka na kutokomea ametuachia kitendawili. Tunamtafuta kwenye fainali, hayupo. Aliyekuwa ameruhusiwa kutua asipotua ndani ya dakika 5 za muda uliotarajiwa na hajulikani aliko, tunatangaza awamu ya tahadhari. Asipofika kabisa, kuna watu wa uokoaji wanaamshwa. Wakati yeye yuko kiwanja cha pili anatafuta mtandao wa simu.

Kwa hiyo mimi nasema: kama redio imekufa ukiwa bado mbali na hujaongea na mnara, chagua unapoona panafaa. Kama ulishaingia kwenye foleni yetu, maliza foleni. Tumeshakutengea nafasi.

Rubani_wa_Vumbi

Mzee, hilo la aliye tayari kwenye mzunguko nakubali. Nilikuwa nawaza aliye maili ishirini nje.

Ila dogo, msidhani kiwanja cha porini ni mteremko. Kule Serengeti hakuna mnara, watu wanatangaza wenyewe kwa wenyewe kwenye masafa ya pamoja, na wewe hayo matangazo huyasikii wala hutangazi. Unapita chini kufukuza pundamilia, na mwenzako anapita chini kutoka upande wa pili kwa kazi hiyohiyo. Hapo ishara zako ni macho. Vumbi likiwa bado linaelea juu ya njia, kuna mtu katoka kuruka au kutua sasa hivi. Ukiona Land Cruiser tatu zimepanga pembeni na wageni wamesimama na mabegi, kuna ndege inatarajiwa na si ya kwako. Zunguka kwanza mpaka umeiona.

Kisongo_Juu

Nimeelewa. Sasa niko fainali ya uwanja wenye mnara, nimeangalia, sijaona taa yoyote. Wala kijani, wala nyekundu. Natua au naondoka?

Mtoto_wa_Langata

Unatua. Umeshafika, watu wamekuona, unaondoka uende wapi?

Rubani_wa_Vumbi

Unaondoka. Bila kijani hujaruhusiwa. Nguvu zote, panda, sogea upande ili uione njia na aliyeko juu yake, fuata mzunguko, rudi. Mara nyingi hiyo raundi ya kwanza ndiyo wanayogundua kuwa una tatizo, na ukirudi taa inakusubiri.

Mzee_wa_Mnara

Ondoka, kama Rubani_wa_Vumbi alivyosema. Labda nimemweka mtu kwenye njia na wewe humwoni, labda taa ilikupita. Raundi ya pili pita karibu na mnara kiasi cha kuonekana, tikisa mabawa, nitajua.

Lakini kama injini inakohoa, au giza linaingia, au moshi umo ndani, hiyo si redio tena, ni dharura. Rubani ndiye mwenye uamuzi wa mwisho, njia ikiwa tupu tua. Maelezo tutaandika baadaye, karatasi zipo. Ukishatua usisimame katikati ya njia kusherehekea, toka kwenye njia haraka, tazama mnara upewe kijani ya kukatakata au utumiwe gari la kukuongoza.

Mbongo_Texas

Salamu kutoka huku Marekani. Narukia ndege ndogo za kukodi, niongeze mambo ya huku.

Kwanza, hapa viwanja vingi vidogo usiku taa za njia zimezimwa, na rubani ndiye anaziwasha kwa kubofya kitufe cha redio: mara tatu, tano au saba ndani ya sekunde 5, kadiri unavyotaka mwanga. Sasa piga hesabu. Redio imekufa, ni usiku, huna mnara na huna taa. Hapo kiwanja cha kimya kinachosifiwa hapo juu kinageuka shimo jeusi, na uwanja wenye mnara unaofanya kazi ndio kimbilio. Kanuni ya huku kwa viwanja vyenye mnara inaruhusu kuingia redio ikifia hewani, mradi hali ya hewa ni ya kuona, unauona mnara muda wote, na umepata ruhusa, yaani hiyo taa.

Pili, taa za huku ni zilezile isipokuwa mbili. Nyeupe haitumiki kwa aliyeko hewani. Na kuna nyekundu na kijani kwa kupokezana, maana yake chukua tahadhari kubwa.

Tatu, kujibu kwa mabawa si mambo ya kizamani. Kwenye maonyesho makubwa ya ndege ya Oshkosh kule Wisconsin kila Julai, ndege zinafika nyingi kiasi kwamba waongozaji wanaosimama pale Fisk wanakutaja kwa rangi na aina ya ndege yako na kukuambia utikise mabawa. Hakuna kujibu kwa mdomo. Redio zao ni nzima kabisa na bado wanaona mabawa yanatosha.

Fundi_Waya

@Mbongo_Texas tukiwa huko huko, Septemba 2004 kituo cha Los Angeles cha kuongozea ndege kilipoteza redio zake kwa muda wa karibu saa tatu. Upande wa ardhini, si ndege. Kompyuta ya mfumo wa sauti ilikuwa na saa ya kuhesabu kurudi nyuma inayoisha kila baada ya siku 49 na kitu, ilitakiwa kuzimwa na kuwashwa kila siku 30, mtu hakufanya. Ndege 800 hivi zikavurugikiwa, nyingine zikakaribiana kuliko inavyoruhusiwa. Kwa hiyo kimya kinaweza kuwa cha kwao.

Njiwa_Manga

Swali la pembeni. Hiyo 7600 inasaidia nini kama uwanja hauna rada? Naona kila mtu anaitaja kama dawa.

Mzee_wa_Mnara

Swali zuri. Kama hakuna rada inayokusoma, mnara hauioni hiyo namba. Lakini transponda ikiwa hai, ndege kubwa zenye kifaa cha kuzuia mgongano zinakuona kwenye vioo vyao, hata kama rubani wake hajui kuwa wewe ni bubu. Ndiyo maana umeme wote ukifa hali ni mbaya zaidi: umepoteza sauti na umepotea kwenye vioo vya wengine. Macho yako yanabaki peke yake.

Kisongo_Juu

Na kwenye mawingu? Mwalimu kasema hiyo tutafika mbele.

Rubani_wa_Vumbi

Mtafika. Kwa kifupi, ukiwa kwenye mawingu unashika kimo na mwendo wa mwisho ulioruhusiwa, dakika 7 kama kuna rada, 20 kama hakuna, kisha unafuata mpango wako wa safari mpaka kwenye chombo cha kuongozea cha uwanja, unaanza kushuka kwa muda uliokubaliwa au ulioandika, na utue ndani ya nusu saa baada ya hapo. Kila mtu anakupisha kwa sababu wote wanajua utafanya nini. Marekani wana utaratibu wao wa njia na kimo, mtani wa Texas atakueleza.

Ukitoka kwenye mawingu ukaona uwanja mzuri chini yako, huko kwa kuona ndiko kwenye uhai. Tua. Usirudi kwenye mawingu eti kwa sababu mpango unasema ufike mbele.

Fundi_Waya

Hapo ndipo huwa nawasomea vijana wa hangani habari ya Air Illinois 710. Oktoba 11, 1983, ndege ya abiria ya HS 748 iliruka Springfield kwenda Carbondale, huko Illinois, Marekani, safari fupi. Muda mfupi baada ya kuruka jenereta ya kushoto ikakatika. Msaidizi wa rubani kwa bahati mbaya akaitenga ya kulia, ambayo ndiyo ilikuwa nzima, na haikurudi. Springfield ilikuwa nyuma yao hapo tu. Nahodha akaamua kuendelea mbele kwa betri, usiku, kwenye mawingu. Waongozaji wakaambiwa ni tatizo dogo la umeme. Betri ikawaishia njiani, vioo vikafa kimoja kimoja, wakaanguka karibu na Pinckneyville. Watu 10 wote walikufa.

Angalia kwamba redio yao ilikuwa inafanya kazi muda mrefu tu. Walikuwa na mtu wa kumwambia ukweli.

Abiria_Dirishani

Jamani mbona uzi umekuwa mzito. Kwani simu haziko? Si umpigie mnara?

Mbongo_Texas

Unacheka lakini ni kweli. Namba ya mnara wa uwanja unaokwenda iweke kwenye simu kabla ya kuruka. Hedseti nyingi za sasa zinaunganika na simu bila waya, kwa hiyo kelele ya injini si kikwazo. Huku watu wameshapewa ruhusa ya kutua kwa simu. Kama kupiga kumekataa, ujumbe mfupi unaweza kupenya. Na redio ya mkononi ya ziada ni rafiki mzuri, ila ukiwa nayo ndani ya bodi ya bati na kale kaantena kake ka mpira, usitegemee itafika mbali. Fundi anaweza kukuwekea tundu la kuiunganisha na antena ya nje ya ndege.

Mzee_wa_Mnara

Simu sawa, lakini rusha ndege kwanza. Nisingependa kukuona unatafuta jina langu kwenye orodha ya majina huku unakunja kona ya mwisho.

Na kijana wa Kisongo, mwambie mwalimu wako aombe mnara wakumulikie mkiwa kwenye mzunguko. Asubuhi mapema kabla shughuli hazijachanganya, wengi hawakatai. Hata wao wanahitaji mazoezi ya kulenga.

Njiwa_Manga

Mwisho kwangu: mtu asiyetofautisha nyekundu na kijani anafanyaje?

Mbongo_Texas

Ndiyo maana daktari wa marubani anapima rangi. Huku, aliyekuwa akifeli kile kitabu cha vidoti alikuwa anaweza kuomba kupimwa uwanjani: anasimama chini na mkaguzi, mnara unamulika taa hiyohiyo tunayoizungumzia, anataja rangi. Akishindwa, cheti chake kilikuwa kinaandikwa kwamba hakimruhusu kuruka usiku wala kuongozwa kwa ishara za rangi. Mchana na redio nzima, alikuwa anaruka kama wengine.

Kisongo_Juu

Nimekata maneno ya mzee kuhusu taa nimeyabandika nyuma ya ubao wangu wa pajani. Ya hewani upande mmoja, ya ardhini upande wa pili. Mwalimu kaona, kaniomba nakala ya darasa zima. Kuhusu kumulikiwa amesema tutaomba wiki ijayo, hali ya hewa ikiruhusu. Nitaleta mrejesho.